Chambo Kwenye Paini Nene

Jumatatu, 3 Februari 2025

Viazi vya mwaka huu ni kama gololi. Nimechimba mstari mzima na ndoo haikujaa. Si kosa la mbegu wala mvua. Ni miti. Paini nilizopanda mwenyewe zikiwa kimo cha kidole sasa zimenipita kichwa, na chini yake ni giza. Ndiyo sheria ya shamba la msituni: unapewa kipande, unapanda viazi, unatunza miti ya serikali katikati ya viazi, halafu miti ikikua inakufukuza. Ni kama kulea mtoto wa mwenye nyumba.

Kumefunguliwa eneo jipya juu ya kijito. Udongo mweusi, unanuka vizuri mpaka nikasikia njaa. Kuna kipande kimoja kando ya maji, chini ya paini kubwa zilizoachwa wakati zingine zinakatwa. Nimekiona. Nafikiri nacho kimeniona. Maji ya kumwagilia hapo hapo. Kivuli cha kumlaza mtoto wangu Wangui nikilima. Sasa hivi nalima naye mgongoni, jua likimchoma, jioni natoa udongo masikioni mwake. Hajalalamika, kwa sababu hajui kuongea. Anastahili kivuli.

Shida ni kwamba vipande ni vichache kuliko watu. Leo kwa mkutano Mzee Gathogo, chairman wa chama chetu cha msitu, amesema watakaolinda mitego vizuri ndio watachagua kwanza.

Mitego ya nini? Hapo Bwana Gicheru, ambaye sisi sote tunamwita Foresta, akasimama. Kuna mdudu mdogo kama punje ya simsim. Anatoboa gome la paini, anataga ndani. Akipata mti mzuri anatoa harufu ya kuita wenzake, njooni, hapa kuna chakula. Wakija wengi, mti unakufa. Sasa wasomi wametengeneza ile harufu, wameitia kwa kijifuko cha plastiki. Ndiyo chambo. Unakiweka kwa mtego, wadudu wanafikiri wameitwa harusini, wanaangukia kwa kikombe.

Murugi aliuliza kama kuna chambo cha kuita wanaume. Foresta hakucheka. Akasema kipo, kinaitwa chapati.

Murugi ndiye jirani yangu wa shamba. Mtego wake pia utakuwa karibu na wangu. Na yeye anataka kile kipande cha kijito. Ameniambia mwenyewe, bila haya, huku amemshika mtoto wangu shavu.

Hakuna aliyeuliza kulinda vizuri ni kulinda namna gani. Haikuhitaji kuulizwa. Mwenye wadudu wengi ndiye atashinda.

Jumatano, 5 Februari

Nimetundika mtego wangu. Ni faneli nyeusi, kama za kumwagia mafuta ya taa, zimepangana moja juu ya nyingine kama bomba la moshi, kikombe chini, kijifuko cha harufu katikati.

Foresta alitupa nguzo. Alisema tuzisimamishe mahali peupe, mbali na mti ulio hai, kama vile mtu anaweka jiko mbali na nyasi kavu. Nilimsikia. Lakini baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki, na mimi najua kuita wadudu kabla Foresta hajaota ndevu. Mzinga unautundika kwa mti mnene, ulio hai. Unaupaka nta ya zamani ndani, nyuki wasikie harufu ya nyumbani. Nani amewahi kuona mzinga kwa nguzo kavu katikati ya uwanja? Nyuki atapumzika wapi?

Nimetafuta paini nene kuliko zote, kule kando ya kijito. Nimefunga mtego hapo, chini kidogo ya tawi. Nguzo nimeichukua kuegemezea banda la kuku.

Murugi na wengine wamesimamisha zao uwanjani kama walivyoambiwa. Zinasikitisha. Zinafanana na watu wanaongoja gari.

Ijumaa, 7 Februari

Aibu.

Tumepeleka vikombe kwa ofisi ya msitu. Foresta anamwaga wadudu juu ya karatasi nyeupe, kila mtu anaona. Cha Murugi kimemwagika kama chumvi. Changu kilikuwa na wachache, na mmoja alikuwa buibui.

Murugi aliinama akawaangalia, akaniuliza wengine wako wapi. Kabla sijajibu akajijibu. Ati pengine wamepanda gari wakaenda Doldol kumsalimia Baba Wangui.

Watu walicheka sana. Mume wangu Kihara kweli yuko Doldol, anamnunulia mwenye buchari mbuzi wa kuchinja, na kweli hajakuja tangu Krismasi. Nimecheka pia. Mtu akikupiga mbele ya watu, cheka, usije ukalia.

Foresta ameniuliza kama mtego uko kwa nguzo. Nimemwambia uko vizuri sana.

Nimerudi nikifikiria. Mtego ni sawa, mti ni mzuri. Kwa hivyo ni chambo. Nimepewa chambo dhaifu, kilichokaa juani kwa ofisi. Cha Murugi ni kikali. Kila mtu anajua Murugi anapatana na wale wa ofisi.

Jumamosi, 8 Februari

Murugi leo ameenda soko la Karatina na kabeji zake. Wakati wangu.

Nimemfunga Wangui mgongoni, nikapanda juu kama mtu wa kuni. Chambo cha Murugi kimetoka kwa mtego vizuri, kama jino la mtoto. Nilikuwa ndiyo nimekishika mkononi nikasikia mtu anakohoa. Mzee Gathogo! Anatafuta ng'ombe wake.

Nimekifunga kwa pindo la leso ya mtoto kabla hajageuka. Akaniuliza natafuta nini huku upande wa Murugi. Nikasema kuni. Akaangalia uwanja, hakuna hata kijiti. Akasema ni vizuri mama kijana kuwa na imani.

Nilidhani ataenda zake. Hakuenda. Amenisindikiza mpaka mlangoni kwangu, akinielezea tangu mwanzo vile alivyochaguliwa chairman na waliompinga wakaaibika. Nimesema eeh njia nzima. Chambo kimeshuka na mimi mpaka nyumbani badala ya kupanda kwa mti.

Nitakipeleka kesho baada ya ibada.

Jumapili, 9 Februari

Naandika ili nitulie.

Kanisa letu limejengwa kwa mabanzi ya paini, magome bado yako kwa ukuta, na nyuma kuna rundo la magogo ya mwenye kiwanda cha mbao. Sikufikiria hayo. Nilifikiria tu leso ni safi. Nikamfunga Wangui kwa leso ile ile, na pindo lake lile lile. Nilisahau. Mungu anajua nilisahau.

Wimbo wa pili, mdudu akatua begani. Nikampangusa. Wa tatu, mwingine kwa kitambaa cha kichwa. Pasta akianza kuhubiri nilikuwa nao kwa mgongo wote, wadogo, wa hudhurungi, wanatembea kama wenye kutafuta kiti. Mama aliyekaa karibu nami akasogea. Kisha akasogea tena. Murugi alikuwa nyuma yangu. Nikamsikia anamnong'oneza mwenzake ati leo hata wadudu wameokoka, na wamechagua dhehebu.

Nikamzungusha mtoto mbele ili nimtoe wadudu. Hapo ndipo nikaona. Wangui alikuwa na pindo la leso mdomoni. Analitafuna. Limelowa lote.

Sikumbuki vile nilitoka. Nakumbuka ngazi za kanisa na vumbi la barabara. Nilikimbia mpaka zahanati na kiatu kimoja, nikimwambia tema, mama, tema, naye anacheka akifikiri ni mchezo. Wangui amepewa jina la mama ya Kihara, kwa hivyo kwa desturi yetu huyu mtoto ndiye mama yetu sote. Nilikuwa nakimbia na mama wa watu mikononi.

Nesi aliniuliza amekula nini. Nikasema plastiki yenye harufu ya miti. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikalia. Alifungua pindo, akakigeuza kile kijifuko kwenye mwanga. Hakijatoboka hata kidogo. Akamsafisha mtoto mdomo na maji, akatuambia tukae kwa benchi amwangalie. Tumekaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Nilihesabu pumzi zake. Kila akipiga miayo nilianza kuhesabu upya. Mwishowe akaomba nyonyo, akanyonya kama ndama, na nesi akasema huyu hana kitu, nenda nyumbani uoge wewe.

Kwa ile benchi nimemwahidi Mungu kwamba chambo cha Murugi nitakirudisha. Nimeahidi kwa machozi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Leso nimefua, nimeanika mbali. Chambo nimekitia kwa mkebe wenye kifuniko. Wangui nimemwachia jirani wa nyumbani, nikapanda kwenda kurudisha.

Nimemkuta Foresta kwa mtego wa Murugi, na Murugi anapayuka. Chambo chake kimepotea. Foresta akasema ni upepo, akatoa kingine kipya kabisa, akamtilia.

Sasa nirudishe nini? Ana chake. Ukimrudishia cha pili atakuwa na viwili, na hiyo si haki kwa wengine. Nilingoja waende, nikifikiria sana kuhusu haki. Nilimwahidi Mungu nitarudisha, lakini sikumwambia lini, na Yeye mwenyewe huwa haharakishi.

Kipya kilikuwa kinang'aa.

Sasa nina vitatu kwa ile paini nene, changu na vya Murugi viwili. Kamba ilikuwa imeisha, nikatumia uzi wa sufu wa manjano uliobaki nilipofuma sweta ya Wangui. Umependeza. Mti unafanana na mtu wa kwenda harusi.

Jumatano, 12 Februari

Wamekuja! Wamekuja kama watu wa mazishi ya tajiri. Kikombe kimefika nusu. Nimesimama hapo nikaona kile kipande cha kijito kikiwa changu, Wangui amelala kwa kivuli, viazi vya kushika na mikono miwili.

Lakini kuna jambo. Chini ya mti kuna unga mwekundu, kama unga wa wimbi uliomwagika. Na kwa gome kuna matone ya utomvu, meupe, mengi. Sikio nikiliweka kwa mti nasikia kama mtu anatafuna mahindi ya githeri kwa chumba cha pili.

Nafikiri ni wale wa foleni. Wanangoja kikombe kipate nafasi.

Mti wa pili pia uko na unga. Na ule wa tatu. Hiyo siipendi. Hiyo miti ndiyo kivuli changu. Chini yake ndipo nimelima kwa mawazo wiki nzima.

Nimefagia unga na tawi mpaka chini kukawa safi kama ua wa mkwe. Ijumaa Foresta anakuja kukagua. Wadudu watanyamaza mpaka Ijumaa kama wako na adabu.

Ijumaa, 14 Februari

Hawana adabu.

Foresta alifika na Mzee Gathogo na sisi wote nyuma. Alienda kwa nguzo za watu moja moja. Akafika kwa yangu, nguzo hakuna. Akaniuliza iko wapi. Nikamwonyesha paini. Akaona unga kabla hajaona mtego, maana ulikuwa umemwagika mwingine tangu nifagie. Uso wake ulibadilika. Alichukua panga la Mzee Gathogo akabandua gome.

Ndani kumechorwa. Njia nyembamba, zinazunguka, zinakutana, kama mtu alijaribu kuandika barua kwa haraka. Na wadudu wamejaa, na mayai. Akaenda kwa mti wa pili, akabandua. Vile vile. Wa tatu, vile vile. Alikuwa anaenda pole pole zaidi kila mara, na mimi nikimfuata nikiomba gome liwe safi. Alifika kwa ule wa kona ya kijito, ambao nilikuwa nimeuchagua kwa kulaza mtoto. Akapiga panga. Nikafunga macho. Nikasikia Murugi anamwita Mungu, ngai.

Ndipo akatueleza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. Chambo kwa nguzo kinaita wadudu kwa kikombe. Chambo kwa mti ulio hai kinaita wadudu kwa mti. Na wale wa kwanza wakishaingia wanaanza kuita wenyewe, huhitaji tena plastiki. Miti hii yote ianguke sasa, na igomolewe, yaani ibanduliwe magome, yachomwe kabla watoto wao hawajaruka. Wakiruka, ni msitu wote. Msitu ukiisha, hakuna mashamba ya mtu yeyote hapa.

Kila mtu alikuwa anafikiria viazi vyake.

Mzee Gathogo akauliza hivi vyambo vitatu vimefikaje kwa mti mmoja.

Nikasema nyani.

Sijui kwa nini nilisema nyani. Lilikuwa neno la karibu. Nikaendelea, ati siku hizi wamezidi, wanapenda kitu chenye harufu, mmoja alinichukulia hata sabuni.

Murugi alirudi kwa ile paini nene, akashika ule uzi kwa vidole viwili. Akasema huyu nyani anajua kufunga fundo. Halafu akasema, na anapenda rangi ya manjano.

Watu wote wakageuka, si kwangu, kwa mgongo wangu. Wangui alikuwa ameamka. Alikuwa na sweta yake. Akawapungia mkono.

Jumatatu, 17 Februari

Chama kimekaa. Nitachagua wa mwisho. Kama kutabaki kitu. Mzee Gathogo alisema wengine walitaka nitolewe kabisa, lakini yeye aliwaambia mtoto hana makosa. Nimeshika mikono yake yote miwili. Alinielezea tena vile alichaguliwa.

Siku zote hizi tunagomoa. Wanaume wa msumeno wanaangusha, sisi tunabandua magome kwa panga na majembe ya zamani, tunarundika, tunachoma. Utomvu kwa vidole, kwa nywele. Hakuna anayeongea na mimi. Wanaongea kupita juu ya kichwa changu kama mimi ni kisiki.

Adhuhuri mgongo ulikataa. Wangui alikuwa analia, moshi umemwingia macho, na gogo langu lilikuwa bado nusu. Murugi akaja. Nilifikiri anakuja kunipiga. Akafungua leso mgongoni mwangu bila kuuliza, akamtoa mtoto, akamfunga kwake. Akaendelea kugomoa naye.

Baadaye tukinywa chai alisema, Mama Wangui, si ungeniomba tu hicho chambo.

Nikamuuliza kama angenipa.

Akasema hapana, angeninyima. Lakini ningekuwa nimeomba.

Nimefikiria sana hayo maneno. Bado sijaona faida ya kuomba kitu utakachonyimwa.

Alhamisi, 20 Februari

Sijalala vizuri tangu Jumatatu. Leo ndiyo kuchagua. Kihara alipiga simu asubuhi kuuliza kama tumepata. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Tulipanga mstari. Mimi mwisho kabisa, na Wangui. Kila mtu anaenda anasimama kwa kipande anachotaka, Foresta anapiga kigingi. Nilikuwa naangalia vipande vikiisha kama mtu anavyoangalia nyama kwa sufuria ya wageni. Murugi alichagua mapema. Nilijua ataenda kwa kijito. Alienda mpaka hapo, akaangalia, akapita. Akasimama kwa kile cha juu yake.

Sikuelewa. Aliyefuata pia akapita. Mzee mmoja akasimama kwa kijito. Akapiga kisiki teke. Akaangalia jua. Akaenda.

Maana kivuli hakuna tena. Ni visiki, matawi, majivu, na jua kama sahani. Na Foresta ametangaza kwamba atakayechukua hapo atalinda nguzo za mitego kila asubuhi, na kukagua kila paini iliyo karibu mpaka mvua ije.

Tulibaki watatu. Kisha wawili. Yule aliyekuwa mbele yangu alisimama katikati, anageuka huku na huku, na mimi nikawa napumua kwa mdomo. Akachukua kile cha mawe. Cha mawe!

Foresta akaniangalia. Akaniuliza kama nimesikia masharti. Nikasema nimesikia. Akauliza tena, pole pole, nguzo inasimama wapi. Nikasema mahali peupe. Akapiga kigingi.

Kipande cha kijito ni changu.

Nimekaa juu ya kisiki na mtoto, tukatia miguu kwa maji. Amepiga maji na viganja mpaka tukalowa wote. Nimepanga kila kitu. Banda la majani la kivuli, pale. Viazi, kuanzia pale mpaka kwa maji. Nimefikiria pia, nikaona kama nisingeita wale wadudu, hii miti ingekuwa imesimama, na kama ingekuwa imesimama, Murugi angekuwa amekaa hapa. Kwa hivyo mpango ulikuwa mzuri. Ulipitia tu njia ndefu.

Jumamosi, 22 Februari

Nilikuwa Karatina kutafuta mbegu. Mwenye duka la dawa za mimea ameniambia viazi pia vina adui, nondo mdogo wa kijivu, na nondo huyo ana chambo chake. Kijifuko kile kile, harufu nyingine. Ati unakiweka katikati ya viazi vyako.

Nimekinunua, lakini nilimcheka kimoyomoyo. Katikati ya viazi vyangu? Nikawaite tena kwangu? Mimi nimefunzwa na msitu mzima ukiangalia. Chambo hakiwekwi karibu na kitu unachokipenda.

Kwa hivyo nitakifunga kwa ua, juu, upande ule wa shamba la Murugi. Waitwe waende huko.

Nguzo ya ua ni ndefu na mikono yangu ni mifupi, inabidi nipande kwa kisiki. Murugi amekubali kunishikia mtoto nikifunga. Tayari amemchukua, anamwimbia. Hajaniuliza nafunga nini.